Maji ya Saba

Duka la Mcha, pale Mwanakwerekwe, lina mambo yote ya porini:
mapanga, kurunzi, nyavu, kengele za mbwa,
na juu, zimetundikwa kama ng'onda,
kinga za muundi, jozi kumi na moja.

"Hizi jino la fira halipenyi,"
anasema, anazigonga kwa msumari. Ko. Ko.
"Ndani mna bati?"
"Plastiki, dada. Ya nje."
Ngwali keshavaa, anapita baina ya magunia
kama kuku aliyefungwa kamba ya mguu.

Miye natazama goti.
Msasi si mlinzi wa benki, kusimama tu kutwa.
Anachutama, anapanda jiwe, analala kifudifudi nyuma ya wavu,
na maweni ya Muungoni hayamjui mtu.
"Chutama," namwambia. Duka zima limegeuka.
Kachutama. Inabana. Anasema haibani.
Mwanamume akisema haibani, mtazame masikio.

Jozi ya pili ni ngozi,
laini, ina harufu ya kiti kipya cha gari.
Nikauliza, "Ngozi ya nani?"
"Ya mnyama."
"Mnyama ana jina."
Mcha akatazama dari.
Nikazirudisha msumarini. Haiwezekani
tumkimbize nguruwe kutwa nzima
kwa kuwa kamaliza mihogo ya Bikombo,
na huku tumemvaa miguuni.

Ya tatu turubai, rangi ya majani makavu,
mikanda mitatu, na nyuma ya goti imekatwa mviringo.
Nikaikunja. Nikaikunjua. Nikauliza
inakauka kwa muda gani.
Mcha akacheka: "Wateja huuliza meno, mama,
wewe unauliza jua!"
Mwache acheke. Haoshi yeye.

Jecha, mwaka juzi, alikwenda na soksi mbili na suruali ya jinzi,
akasema joto, kinga za nini, miguu itaiva.
Yu hai, alhamdulillahi. Anauza vocha.
Mguu wake wa kulia
umebaki kama wa mtoto wa darasa la tatu.

Tukalipa. Bei sisemi,
mama mkwe bado hajaijua.

Jumapili wanarudi, mbwa mbele, vijana nyuma,
damu na mate yamewarukia mpaka magotini.
Ngwali huzivulia nje, juu ya jiwe, haingii nazo uani,
kisha huniita kwa kukohoa.
Nami nachota udongo wa chini ya mgomba,
ule laini, usio na changarawe,
nauvuruga kwa maji ya kwanza, nasugua,
halafu maji matupu, na maji, na maji, mpaka saba.
Ile ngozi ingepasuka kwenye ya tatu.
Turubai linanyamaza tu, linakunywa, linatema.

Jumapili iliyopita, maji ya tano,
kidole changu kikakwama.
Mguu wa kushoto, upande wa nje,
shibiri moja chini ya goti:
vishimo viwili, kila kimoja kama punje ya mtama.
Nikaigeuza ndani. Nikapapasa.
Ndani hamna kitu. Ndani pazima.

Ngwali yuko ukumbini, anakunywa chai,
anawasimulia watoto nguruwe aliyeruka wavu,
mkubwa kama meza, anasema,
mkubwa kama meza ya mwalimu mkuu,
na watoto wanacheka, naye anacheka zaidi yao,
zaidi kuliko hadithi yenyewe.

Sikumwita.
Sita.
Saba.
Kisha nikamimina ya nane, ambayo sheria haikuyataka,
polepole, pale pale penye vishimo.

Nikazianika kambani.
Ile ya kushoto nikaigeuza,
upande wa nje uelekee mlangoni,
ili akitoka tu
aone kuwa nimeona.